TUPA, CHOMBO CHA MFUA VISU: KUICHAGUA NA KUITUMIA

Watu wote wakijua kisu, ni wachache waijuao tupa. Kisu huonekana jikoni, shambani, machinjoni na kiunoni mwa mchungaji, na kila mtu hukisifu au hukilaumu kwa makali yake. Tupa hukaa ndani ya kikapu cha fundi, nyeusi, haina sifa, na mpita njia akiiona hudhani ni kipande cha chuma cha kukwaruzia. Walakini tukimwuliza mfua visu ni chombo gani asichoweza kukikosa, ukitoa moto na nyundo, atatuonyesha tupa. Nyundo hukipa chuma umbo la kisu kwa mbali. Tupa ndiyo ikifanyayo kuwa kisu hasa.

Twaandika habari hizi kwa sababu mbili. Ya kwanza, tumeona vijana wenye mikono mizuri wakiiacha kazi hii kwa kudhani kwamba mtu asiye na jiwe la kunolea liendeshwalo kwa umeme hawezi kufanya kisu cha maana. Wengine wamekopa fedha wakanunua mashine kabla hawajajua chuma ni nini, wakaunguza makali ya visu vyao, wakabaki na deni. Ya pili, maneno mengi ya kazi hii yaanza kusahauliwa, na neno likisahauliwa mara nyingi ujuzi uliokuwa ndani yake hupotea pamoja nalo. Basi tutajaribu kuonyesha kwamba tupa tatu, zikichaguliwa kwa akili na kutumiwa kwa adabu, zatosha. Tena kwamba tupa, zaidi ya kukata, ni chombo cha kuulizia. Humwambia fundi hali ya chuma chake, ikiwa fundi amejifunza kusikiliza.

I. MAJINA YA VIUNGO

Kisu kina viungo vyake kama mwili. Chuma chote kikatacho huitwa kengee. Upande mpana wa kengee ni bapa, upande mnene usiokata ni mgongo, upande ukatao ni makali, na mwisho wake ni ncha. Sehemu nyembamba iingiayo ndani ya mpini huitwa msuka, nalo jembe lina msuka wake vilevile. Pete ya chuma au shaba ishikayo mpini mahali kengee iingiapo ni noleo. Kisu kikiisha kazi hulala ndani ya ala yake.

Tupa nayo ina msuka na mpini, ina bapa na kingo. Lakini badala ya makali mamoja ina meno mengi. Hapo ndipo tofauti yake na vyombo vingine vya kulainishia. Tupa hula chuma kwa meno. Kinoo husaga kwa chembe za jiwe. Msasa hukwaruza kidogo kidogo hata kitu king'ae. Msasa wenyewe asili yake ni mti, ambao majani yake ni makavu na ya kukwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Mafundi waliyatumia kulainishia mbao na mipini. Karatasi yenye mchanga ilipokuja madukani ilirithi jina la jani, na leo wengi waombao msasa dukani hawajapata kuuona mti wake.

Kutumia tupa husemwa kupiga tupa, kama vile kutumia randa husemwa kupiga randa. Neno kupiga lisimdanganye mwanafunzi. Tupa haipigwi juu ya chuma, husukumwa.

II. JINSI TUPA ILIVYOTENGENEZWA

Kila jino la tupa ni patasi ndogo. Atakaye kuelewa namna ya kuitumia na alifikirie hilo kwanza, maana patasi hukata ikisukumwa mbele, wala haikati ikirudishwa nyuma.

Zamani kila jino lilikatwa kwa mkono. Katika mji wa Sheffield, Uingereza, ambao tangu zamani umejulikana kwa chuma cha pua na visu, wakataji wa tupa waliketi mbele ya fuawe, mkono mmoja umeshika patasi fupi na mmoja nyundo, wakapiga pigo moja kwa kila jino, mstari baada ya mstari, kwa kukisia kwa kidole mahali pa pigo lililofuata. Chuma kilikuwa bado laini, kiligumishwa baadaye. Upande wa kwanza ukiisha, tupa ililazwa juu ya risasi ili meno yaliyokwisha kukatwa yasipondeke wakati wa kukata upande wa pili. Risasi hiyo iliwadhuru wengi. Vumbi lake liliingia mwilini, wakashikwa na maumivu ya tumbo, na wengine vifundo vya mikono yao vikalegea hata wasiweze kuinua kiganja.

Wazo la mashine ya kukata tupa ni la zamani sana. Leonardo da Vinci wa Italia aliichora mnamo mwaka 1500 hivi; lakini mashine zilizoweza kushindana na mkono hazikupatikana mpaka karne ya 19. Katika mwaka 1864 William Nicholson alianzisha kiwanda chake cha tupa mjini Providence, Marekani, na mwaka 1866 mafundi wa tupa wa Sheffield waligoma, na habari ya mashine ilikuwa mojawapo ya magomvi yao.

Twaeleza haya ili msomaji ajue anunuacho. Thamani ya tupa yote imo katika meno yake, nayo meno ni magumu sana, na kwa kuwa ni magumu huvunjika upesi. Huyu ni mtumishi mwenye nguvu asiyevumilia kuangushwa.

III. KUCHAGUA

Fundi anunuapo tupa hutazama mambo matatu, nayo ni sura, meno na urefu.

Sura ni nyingi. Iko tupa bapa, tupa ya nusu duara ambayo upande mmoja ni bapa na wa pili una mgongo, tupa ya duara, tupa ya mraba, na tupa ya pembe tatu ambayo wengi huijua kwa kunolea misumeno. Mfua visu ana haja hasa na ya bapa na ya nusu duara, na ya duara iliyo ndogo kwa pembe za ndani.

Meno ni ya namna mbili. Tupa nyingine zina mistari ya meno iendayo upande mmoja tu. Hizi hukata polepole, lakini huacha uso laini. Nyingine zina mistari miwili iliyokatizana, hata kila jino limekuwa kama ncha ndogo. Hizi hukata kwa haraka na kuacha mikwaruzo. Tena katika kila namna yako meno makubwa, ya kadiri na madogo.

Urefu huhesabiwa kwa inchi, bila msuka. Hapa wanunuzi wengi hukosea, wakidhani tupa mbili zilizoandikwa meno ya kadiri ni sawasawa. Sivyo. Kwa jina lilelile, tupa iliyo ndefu ina meno makubwa kuliko iliyo fupi. Tupa ya meno ya kadiri ya inchi 12 yaweza kukwaruza kuliko ya meno makubwa ya inchi 6. Kwa hiyo usiagize kwa jina peke yake; taja na urefu.

Kwa mtu aanzaye twashauri tatu hizi. Ya kwanza ni tupa bapa ya inchi 12, yenye meno makubwa yaliyokatizana, kwa kuondoa chuma kingi. Ya pili ni tupa ya nusu duara ya inchi 10, ya meno ya kadiri, kwa kurekebisha umbo na mapindo. Ya tatu ni tupa bapa ya inchi 8, yenye meno madogo ya mstari mmoja, kwa kumalizia. Akipata na fedha ya kununua ndogo ya duara, ni vema.

Dukani, asiridhike na kutazama karatasi iliyoifunika. Aishike mbele ya mwanga na kutazama meno: yafaa yawe ya rangi moja, isionekane mahali ping'aapo kama kioo, maana mng'ao ni alama ya meno yaliyokufa. Aiinue machoni kama mtu alengaye bunduki, aone kama imepinda. Tupa zilizotupwa sandukuni bila kufunikwa, zikigongana, aziache hata zikiwa rahisi. Na tupa ikiisha kuwa yake, ajaribu pembe yake juu ya kipande cha chupa iliyovunjika, kwa uangalifu. Tupa njema hukwaruza kioo. Isiyoweza, chuma chake hakikugumishwa ipasavyo.

IV. KUKIULIZA CHUMA

Tutatoa kosa letu wenyewe liwe fundisho. Tulipoanza kujifunza kazi hii katika mji mmoja wa pwani, tulipata jani la springi ya gari kuukuu, tukanunua tupa mpya nzuri, tukaanza mara moja. Tupa ililia sauti nyembamba, ikateleza. Sisi tukadhani imekosa nguvu, tukaikandamiza. Kwa muda wa nusu saa chuma kilikuwa kama kilivyokuwa, na katikati ya tupa palikuwa pamekuwa laini tena peupe. Mzee aliyekuwa akitufundisha aliichukua, akaigeuza mwangani, akasema, “Wanangu, ilikuwa ikiwaambia tangu pigo la kwanza. Hamkuisikia?” Kisha akatuamrisha kuwasha moto. Fedha ya tupa ile haikurudi, lakini neno lile tunalo hata leo.

Maana yake ni hii. Chuma cha springi kimekwisha kugumishwa, na tupa haiwezi kukata kitu kilicho karibu na ugumu wake. Kwanza hukilainisha. Kipashe moto hata kiwe chekundu, ukijaribu kwa sumaku mara kwa mara. Kipo kiwango cha joto, kama sentigredi 770, ambapo chuma huacha kuvutwa na sumaku. Kikipita hapo kidogo, kifukie ndani ya majivu makavu mengi, ukiache usiku kucha kipoe polepole. Asubuhi kijaribu tena.

Sikiliza basi. Tupa ikiuma, husikia sauti nzito ya chini, na mkono huhisi kama kitu kinachoshikwa. Unga wa chuma huanguka. Tupa ikilia kwa sauti nyembamba na kuteleza kama kigae juu ya kioo, acha palepale. Chuma bado ni kigumu, na kila msukumo utakaoongeza ni jino unalolipoteza. Pengine kipande kimoja huwa laini huku na kigumu kule. Tupa itakuonyesha mpaka wake wazi kuliko jicho. Huku ndiko kuuliza tulikokutaja mwanzo.

V. KUSHIKA NA KUSUKUMA

Tupa isitumiwe kamwe bila mpini. Msuka wake umechongoka, na tupa ikikwama ghafula huingia kiganjani. Mpini wa mti wenye pete watosha.

Chuma kifungwe katika jiliwa, nalo jiliwa liwe kimo cha kiwiko cha mkono wa fundi. Asiye na jiliwa na akaze kengee juu ya ubao kwa vibanio; lililo kubwa ni chuma kisitikisike, maana kikitetemeka meno hukatika. Fundi asimame mguu wa kushoto mbele. Mkono wa kuume ushike mpini, kidole gumba juu. Kiganja cha kushoto kiwekwe juu ya ncha ya tupa. Kisha asukume kwa mwili wote, wala si kwa mikono tu, akitumia urefu wote wa tupa. Mwisho wa msukumo aiinue kidogo, airudishe bila kugusa. Mwenye kukokota tupa nyuma kwa nguvu huyavunja meno kwa nyuma yao, nao huwa wepesi kuisha. Misukumo 40 au 50 kwa dakika yatosha. Aendaye mbio huchoka, na bapa lake huwa la mviringo kama mgongo wa samaki, kwa kuwa mikono iliyochoka hupanda na kushuka.

Usiguse kwa vidole mahali upigapo tupa. Jasho na mafuta ya mkono hufanya meno yateleze.

VI. TUPA KATIKA KAZI YA KISU

Kwanza hutengenezwa umbo la nje, yaani mgongo, ncha na mstari wa makali, kwa tupa kubwa. Pale kengee ikutanapo na msuka kuna pembe mbili za ndani. Pembe hizi zisiachwe kali. Pitisha tupa ndogo ya duara, au ukingo wa nusu duara, mpaka kila pembe iwe na mviringo. Visu vingi vivunjikavyo huvunjika hapo, kwa kuwa pembe kali ya ndani hufungua mlango wa ufa, ama wakati wa kutia matiko ama siku ya kazi. Jambo hili laweza kufanywa kwa dakika chache, nalo ndilo litengalo kisu cha miaka na kisu cha wiki.

Pili, weka alama ya katikati. Piga mstari mwembamba katikati ya ukingo utakaokuwa makali, tangu msukani hata nchani, ili pande zote mbili zishuke sawasawa kuelekea mstari huo. Asiyepiga mstari atapata makali yaliyohama upande mmoja, na kisu chake kitakata kwa kupinda.

Tatu, mteremko. Usijaribu kuondoa bapa lote kwa mara moja. Anza kwa mteremko mfupi na mkali ukaribiao mstari wa katikati, kisha ulaze tupa kidogo, uupanue mteremko kuelekea mgongoni. Kisha uulaze tena. Kila hatua uifanye kwa pande zote mbili. Kwa njia hii tupa daima hukuta uso mwembamba wa kuuma, na kazi huenda upesi.

Nne, kumalizia. Chukua tupa ya meno madogo, uishike kwa mikono miwili, mmoja kila mwisho, uilaze ikikingama juu ya kengee, kisha uisukume kwa ubavu wake tangu msukani hadi nchani. Namna hii huondoa mikwaruzo ya tupa kubwa na kuacha mistari mizuri iendayo kwa urefu wa kisu. Inua kengee machoni mbele ya mwanga: mahali palipo na bonde au kilima pataonekana kwa kivuli.

Usiyamalize makali. Yaache unene wa nusu milimita hata milimita moja. Makali membamba yakiingia motoni huungua au hujikunja.

VII. MATIKO

Kutia matiko ni neno la watu wa kale wa pwani, maana yake kukipasha chuma moto na kukitia katika maji ili kiwe kigumu. Siku hizi wengi husema kutia maji. Kwa kengee nyembamba mafuta yafaa kuliko maji, kwa kuwa maji hupoza kwa ghafula mno na chuma huweza kupasuka. Mafuta yapashwe moto kidogo, na kifuniko cha chombo kiwe karibu, maana huweza kushika moto. Kazi hii ifanyike kivulini, ili rangi ya chuma ionekane. Kengee ikiisha kupita kiwango cha sumaku kwa rangi moja pote, itiwe mafutani moja kwa moja, ncha chini, bila kuyumbishwa kwa ubavu.

Hapo tupa huitwa tena kutoa ushahidi. Chukua tupa iliyochakaa, wala si mpya, uipitishe polepole juu ya makali. Ikiteleza na kulia, matiko yameshika. Sauti ileile iliyokuwa habari mbaya asubuhi sasa ni habari njema. Ikiuma, moto haukutosha au chuma si cha kufanyia kisu.

Kisu kilichotoka mafutani ni kigumu kama kioo, na kama kioo huvunjika kikianguka. Yapasa kipunguzwe ugumu mara moja. Safisha bapa ling'ae, ukipashe moto wa sentigredi 200 hivi kwa muda wa saa moja, nao tanuri la mkate waweza kufaa. Rangi ya uso hugeuka njano kama majani makavu. Hiyo yafaa kwa kisu cha jikoni. Ikiendelea huwa kahawia, kisha zambarau, kisha buluu. Buluu ni rangi ya springi, nayo makali yake hayadumu.

Sasa tuseme kwa nini tuliwataja wale vijana wenye mashine. Jiwe liendalo kwa kasi hutia joto, na makali membamba hayana nafasi ya kulihifadhi. Kwa kufumba na kufumbua rangi ya buluu hutokea, na kisu kilichokuwa na matiko mema hupoteza kazi yake yote, ijapokuwa kwa macho chang'aa kuliko cha jirani. Mashine ina nafasi yake mikononi mwa mjuzi. Lakini tupa haiwezi kufanya kosa hilo, na mwanafunzi akikosea kwa tupa hukosea polepole, kwa kiasi cha kuweza kujirekebisha. Baada ya matiko kazi ya tupa imekwisha. Kinoo na maji ndivyo vimaliziavyo makali. Kinolewacho hupata, walisema wazee.

VIII. KUTUNZA TUPA

Unga wa chuma hukwama katikati ya meno, na chembe moja iliyokwama huchora mfereji katika bapa lililokuwa safi. Kwa hiyo safisha mara kwa mara kwa brashi ya waya, ukifuata mistari ya meno. Chembe isiyotoka kwa brashi hutolewa kwa kipande cha shaba laini kisukumwacho katika mistari. Kabla ya kumalizia, paka chaki juu ya tupa. Chaki hujaza nafasi na kuzuia unga usikwame.

Tupa mpya ianze kwa shaba kama unayo kazi ya shaba, kwa maana shaba yataka meno makali sana. Ikipungua ukali ihamie chumani. Asiyeshika utaratibu huu humaliza meno yake katika chuma, na siku ya kutengeneza noleo tupa yake hukataa. Usiipake mafuta. Usiigonge wala kuifanya mtaimbo. Huvunjika, na vipande vyake hurukia macho. Zitundike mbalimbali, au kila moja ifungwe kitambaa chake.

IX. TUPA ILIYOCHAKAA

Tupa haifi ikachakaa. Tupa njema imefanywa kwa chuma chenye kaboni kama sehemu moja katika mia, au kuzidi kidogo, nacho ni chuma cha kufaa kisu. Mafundi wa nchi nyingi wamelijua hilo. Lakini si kila tupa. Zile rahisi mara nyingine zimegumishwa ngozi tu, na ndani ni chuma laini kisichoshika matiko. Ili kujua, funika mwisho wake kwa kitambaa kinene, linda macho, uuvunje. Ukivunjika mara moja bila kujikunja, na ndani pakionekana chembe ndogo za rangi moja ya kijivu, yafaa.

Ilainishe kwa majivu kama tulivyoeleza, kisha uifanyie kazi kwa tupa nyingine. Meno yote yafutwe mpaka mashina yake, hata kama mikwaruzo yake yapendeza macho. Maana shina la jino ni ufa unaongoja. Mengine ni kama kisu kingine chochote. Hivyo chombo kilichofundisha mkono wa fundi kwa miaka huishia kuwa kisu cha mkewe jikoni.

X. MANENO

Lugha yetu imechota mengi katika kazi hii. Twasema kumpiga mtu msasa, yaani kumfunza hata apendeze, kunoa akili, maneno makali, makali ya njaa. Chuma cha pua zamani kilikuwa chuma kigumu cha kufulia silaha na visu. Leo watu wengi wataja kwa jina hilo chuma kisichoshika kutu. Feleji lilikuwa jina la chuma bora cha panga. Nayo methali yasema, mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Kusana ni kufua chuma, neno ambalo wengi sasa hulijua kwa methali hii tu: kazi imeondoka mdomoni, methali imebaki kama ala isiyo na kisu.

Wala hatari hii si ya lugha yetu peke yetu. Katika Kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 13, zimo habari za Waisraeli waliokuwa wakiwaendea Wafilisti kunolewa majembe yao. Neno moja la Kiebrania hapo, pimu, lilikuwa limesahauliwa, na wafasiri wa Kiingereza wa mwaka 1611 waliandika kwamba walikuwa na tupa. Baadaye mawe madogo ya kupimia uzito yalifukuliwa katika nchi ile, yameandikwa neno hilohilo. Ikajulikana kwamba pimu ni kipimo cha fedha, yaani bei waliyotozwa kwa kunolewa. Mawe yale yasingalionekana, labda tungaliendelea kusoma tupa mahali pasipo na tupa.

Basi twawaomba wasomaji wetu, hasa walio karibu na viwanda vya wahunzi, waende wakaketi nao, waandike majina ya kila kiungo cha kisu na kila namna ya tupa kama yasemwavyo mahali pao, pamoja na kazi yake. Na yule kijana asiye na mashine, mwenye kipande cha springi na fedha ya tupa moja, asingoje. Awashe moto, akilainishe chuma chake, asukume polepole, na asikilize.